Usukani wa nduthi si urembo: Milimita moja ilivyonifunza adabu

Dadangu mdogo alikaa miezi miwili bila kupanda pikipiki yangu. Matope yakifika kwenye kifundo cha mguu, alitembea. Akichelewa shule, alikimbia. Nikimpata njiani nipunguze mwendo, aligeuza uso upande wa reli kana kwamba anangoja treni.

Sababu ilikuwa milimita moja. Sikutanii. Milimita moja ya chuma kwenye usukani, pamoja na kichwa changu kigumu.

Naandika haya kwa sababu najua hapa mtaani Laini Saba tuko wengi tunaopenda kubadilisha mambo kwenye nduthi. Huyu anaweka taa za rangi, yule anaweka mwavuli, mwingine anatundika zile ngozi za kukinga mikono dhidi ya baridi. Hayo yote sawa. Lakini ukifika kwenye usukani, tulia kwanza. Usukani ndio unaoshikilia breki ya mbele, klachi, akseleta na uzito wa mwili wako. Ukikosea hapo, hujakosea urembo.

Funguo badala ya hotuba

Nduthi yenyewe ni Honda CG125 ya mzee wangu. Kama hujui hizi za zamani, CG ilianza kutoka kiwandani mwaka wa 1976, na Honda waliiunda wakifikiria nchi kama zetu: barabara mbovu, mizigo mizito, na mwenye pikipiki ambaye atakumbuka kubadilisha oili siku akikumbuka. Injini yake ni rahisi kufungua na kufunga, na mnyororo wake umefunikwa wote ili vumbi na matope yasiule. Injini nyingi za boda za Kichina unazoziona leo zimenakiliwa kutoka kwa CG hiyo hiyo, ndiyo maana spea bado zinapatikana hata kama pikipiki yenyewe ina umri wa mjomba wako.

Mzee aliinunua ikiwa tayari imetumika, akafanya nayo kazi ya utarishi mjini kwa miaka mingi, bahasha kwenye begi, koti la mvua kwenye kiti. Magoti yalipoanza kumsumbua, akaiegesha kwa ploti na kuifunika na gunia.

Halafu mimi nikaacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikwama, nami nikakwama nayo. Nilijua mzee atanipa hotuba ya saa mbili. Hakunipa. Alinipa funguo. Aliniambia, "Kijana, hii ilikulisha ukiwa mdogo. Sasa ikulishe ukiwa mkubwa."

Nikaanza kusambaza mizigo. Wauzaji wa mitumba pale Toi Market wana wateja wa mtandaoni, nami napeleka viatu na jaketi hadi Lang'ata, Kilimani, South B. Si mamilioni, ila kodi ya keja inalipika na nyumbani sifiki mikono mitupu.

Shida ilikuwa moja. Usukani wa CG ulikuwa umepinda upande wa kushoto, kumbukumbu ya siku ambayo mzee alianguka mvuani. Mkono wa kushoto ulikuwa chini na nyuma kuliko wa kulia, kidogo tu. Lakini kidogo hicho, ukikishika kutoka asubuhi hadi jioni, unafika nyumbani vidole vimekufa ganzi na kiwiko kinauma. Kwa hivyo kubadilisha kulikuwa lazima. Swali lilikuwa: niweke upi?

Picha zilinipoteza

Nikaingia mtandaoni. Jamani! Kuna CG huko Brazil, Uturuki na Pakistan zimefanyiwa ufundi hadi unataka kulia. Tangi limesuguliwa, kiti kimepunguzwa, na usukani umeshuka chini kabisa, mwendeshaji amelala juu ya tangi kama anakimbizwa. Nikasema, hiyo ndiyo yangu.

Kitu ambacho sikujiuliza ni kwa nini usukani ule ulishushwa. Mtindo huo ulivuma Uingereza miaka ya 1960. Vijana walikuwa wakikutana kwenye mikahawa ya kando ya barabara, Ace Cafe ya London ikiwa maarufu zaidi, na kushindana kufikisha maili 100 kwa saa, kama kilomita 160 hivi. Kwa mwendo huo upepo ni adui, kwa hivyo unalala ili upite chini yake. Na upepo huo huo unakusukuma kifuani, ukikupunguzia uzito kwenye viganja.

Sasa linganisha na mimi. Kwenye vichochoro vya Laini Saba naenda kilomita 15 kwa saa siku nikiwa na haraka. Upepo pekee unaonipiga ni wa feni ya kinyozi. Ukilala juu ya tangi kwa mwendo huo, hakuna kinachokushikilia. Uzito wote wa kifua unashukia viganja, na viganja vinaukandamiza usukani kwenda chini. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Hata ule usukani mrefu wa kwenda juu, uliovuma zaidi baada ya filamu ya Easy Rider ya 1969, una mahali pake: barabara pana, iliyonyooka, isiyo na mwisho. Mtaani kwetu ungenasa kamba za kuanikia nguo kabla hujafika kona ya kwanza.

Bomba la shilingi 350

Nilipita Kirinyaga Road mjini, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, nikauliza bei ya usukani wa chini. Nikaona pesa hizo ni za unga wa wiki kadhaa. Nikarudi mtaani kwa jamaa mmoja anayechomelea mageti na kutengeneza wilbaro. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama, akachukua bomba la maji la nusu inchi, akalipinda vizuri kabisa, akalipaka rangi nyeusi. Shilingi 350.

"Litaingia kwenye vibano?" nikamuuliza.

"Litaingia bila shida."

Na kweli liliingia bila shida. Hapo ndipo ningeshtuka. Liliingia likicheza. Nilipokaza nati, bado lilikuwa linazunguka kidogo. Nikafanya ujanja ambao najua hata wewe umewahi kuufanya au kuuona: nikakata kopo la soda, nikazungushia ile bati nyembamba kwenye bomba, nikakaza tena. Likatulia. Nikapiga picha, nikaposti, watu wakanimwagia sifa.

Wiki ikapita. Jumatatu asubuhi dadangu alikuwa na mtihani, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikamwambia panda. Akauliza, "Iko sawa hii?" Nikamwambia iko fiti.

Tulikuwa tunashuka ule mteremko wa kuelekea reli, mama mmoja akatokea na mtungi wa maji mgongoni. Nikashika breki. Nikaenda mbele, dadangu akaja mbele akaniegemea mgongoni, uzito wa watu wawili ukapita kwenye mikono yangu hadi kwenye bomba. Bomba likazunguka. Leva ya breki iliyokuwa mbele ya vidole vyangu ikaangalia chini kwenye matope, nami nikabaki nimeshika hewa.

Tulianguka polepole, vile mlevi hukaa chini. Mama wa maji hatukumgusa. Mimi nilichubuka goti. Dadangu alitua na kiwiko, sketi ikachanika, damu ikachuruzika hadi kwenye begi la vitabu. Mama wa mandazi alimletea maji akamwosha. Dadangu hakulia. Alichukua begi, akaniangalia, akasema, "Ulisema iko fiti." Akaenda kufanya mtihani wake kwa miguu.

Nimewahi kutukanwa na makanga, askari na wateja wa Kilimani. Hakuna aliyeniumiza kama maneno hayo matatu.

Taya mbili za chuma

Mzee hakunifokea. Alivaa viatu, tukaisukuma CG hadi Makina kwa fundi wake wa siku nyingi, mzee mwenzake anayefanyia kazi chini ya mti. Fundi aliangalia kile kipande cha kopo la soda, akacheka bila furaha. Akatoa kipimo chake cha taya mbili, akabana usukani wa zamani uliopinda, halafu akabana bomba langu.

"Soma," akaniambia.

Usukani wa zamani: milimita 22 na nukta. Bomba: 21 na nukta.

Hii sikuijua, na nadhani wengi hawaijui. Bomba la maji la nusu inchi haliitwi hivyo kwa sababu ya unene wake wa nje. Hilo ni jina linalotokana na tundu lake. Nje lina milimita 21.3. Usukani wa CG, kama wa pikipiki nyingi ndogo za Japani, India na China, una milimita 22.2, ingawa dukani watasema tu 22. Tofauti haifiki milimita moja. Kwa macho huioni. Kwa kibano cha chuma ni sawa na kuvaa kiatu cha babako.

Fundi akanionyesha la pili. Usukani wa kiwandani una mikwaruzo midogo pale katikati panapobanwa, kama meno ya tupa. Si uchakavu huo. Imewekwa ili kibano king'ate. Bomba la maji ni laini, na ukiongeza bati la soda umeongeza kitu cha kutelezea.

"Ukikaza vibano na usukani bado unazunguka," akasema, "usitafute nguvu. Tafuta kipimo."

Kuna nyingine kubwa, za milimita 28 na nukta, ambazo ni nene katikati na nyembamba mwishoni. Hizo zinahitaji vibano vyake. Na Harley-Davidson nyingi hutumia inchi moja nzima. Kwa hivyo kabla ya kuuliza rangi, uliza unene.

Chagua kwa mwili na kwa njia yako

Baada ya unene, fundi alinipa vipimo vitatu vingine, na tepu ya fundi cherehani inatosha.

Cha kwanza ni upana, kutoka ncha hadi ncha. Usukani mpana ni rahisi kugeuza ukiwa polepole na mzigo, kwa sababu mikono inapata nguvu zaidi. Mwembamba unapenya kwenye msongamano lakini ni mzito kugeuza. Mimi nilipima mlango wa ploti yetu: sentimita 80. Usukani wa zamani ulikuwa 72. Kwa hivyo ile mipana ya kupita sentimita 80, hata iwe ya bure, ingelala nje, na tunajua kitu kinacholala nje kinaamkia wapi.

Cha pili ni kimo, yaani ncha zimepanda juu kiasi gani kutoka pale katikati panapobanwa. Cha tatu ni jinsi ncha zinavyorudi nyuma kukufuata. Hivi viwili ndivyo vinaamua kama mgongo utakuuma.

Jaribio lake ni rahisi. Mwambie rafiki ashike pikipiki isimame wima. Kaa kwenye kiti, miguu kwenye vikanyagio, funga macho, legeza mabega, halafu nyoosha mikono mbele kama unataka kuipokea sahani ya chakula. Viwiko vikunjike kidogo. Pale viganja vinapotua, hapo ndipo usukani wako unapaswa kuwa. Si pale unapokuwa kwenye picha ya mtu wa Istanbul.

Nilipofungua macho, viganja vyangu vilikuwa karibu kabisa na pale usukani wa zamani ungekuwa kama haungepinda. Nilitaka kucheka. Wale wahandisi wa 1976 walikuwa wameshanipima kabla sijazaliwa.

Tulipata usukani wa CG nyingine uliokwisha kutumika, umenyooka, una meno yake katikati. Shilingi 900. Fundi aliulaza juu ya kioo cha dirisha kuona kama unayumba, akaukagua kama una ufa mahali ulipopindwa. Ukinunua wa mitumba, fanya hivyo. Na ule ulionyooshwa kwa nyundo baada ya ajali, uache. Chuma kilichopindwa kikanyooshwa kimechoka.

Kazi yenyewe

Kubadilisha kulichukua kama saa mbili, na nusu ya muda huo fundi alikuwa akinizuia kukimbia.

Kwanza funika tangi na blanketi, kwa sababu kitu lazima kitaanguka. Toa waya mmoja wa betri, maana unaenda kugusa swichi. Piga picha ya kila upande, jinsi kebo zinavyopita. Utazihitaji kuliko picha za kuposti.

Toa vioo, legeza leva ya klachi na ya breki, fungua swichi. Mpira wa kushikia wa kushoto hutoka vizuri ukiingiza maji ya sabuni kwa spoki ya baiskeli, ukizungusha taratibu. Usiukate kama bado ni mzima. Kisha fungua bolti nne za vibano, kwangu zilikuwa za spana namba 12, na uinue usukani.

Ukiweka mpya, tafuta alama. Usukani wa Honda huwa na kinukta kilichogongwa, na unakilinganisha na mstari ambapo kibano cha juu na cha chini vinakutana. Vibano vya juu navyo vina kinukta, kinachoangalia mbele. Kaza bolti za mbele kwanza hadi kibano kikae, halafu za nyuma. Nyuma kutabaki mwanya mdogo. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa. Nilitaka kuukaza mwanya ule uishe, fundi akanipiga mkono kama mtoto aliyegusa sufuria.

Ndani ya kasha la swichi kuna kijipini kinachoingia kwenye tundu la usukani, ili swichi isizunguke. Kama usukani wako mpya hauna tundu, pima mara tatu kabla ya kutoboa. Wengine hukata hicho kijipini. Halafu siku moja unazima indiketa, swichi nzima inageuka nayo. Upande wa kulia, futa vizuri na upake grisi kidogo tu kabla ya kurudisha akseleta, ili irudi yenyewe ukiiachilia.

Mwisho, leva. Kaa kwenye pikipiki, vidole vinyooke moja kwa moja kutoka kwenye mkono. Usikaze leva sana. Ikiweza kuzunguka kidogo ikigongwa, siku ukianguka itageuka badala ya kuvunjika. Usukani wenyewe ndio usiozunguka. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume.

Kabla hujawasha

Hapa usiruke hata hatua moja. Geuza usukani wote kushoto, halafu wote kulia. Angalia kebo: zikivutika kama kamba ya nguo, ni fupi au zimepita njia mbaya. Angalia vidole: visibanwe kati ya usukani na tangi. Wale wa sukani za chini, hapo ndipo wengi huumia.

Washa injini ikiwa fri, iache ingurume polepole, geuza tena pande zote mbili. Mlio ukipanda bila wewe kugusa akseleta, kebo inavutwa. Usitoke hapo. Fikiria unakunja kona kwenye kichochoro chenye watoto na pikipiki inaamua kuongeza mwendo yenyewe. Ukiweka usukani wa juu zaidi, kebo ndefu zaidi ni sehemu ya bei, na ziweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Klachi nayo ibaki na nafasi ya kucheza ya kama sentimita moja hadi mbili pale kwenye ncha ya leva.

Kisha jaribio la fundi wangu: simama mbele ya pikipiki, gurudumu la mbele katikati ya magoti, shika ncha zote mbili za usukani na uusukume chini kwa uzito wako wote. Ukisogea hata unywele, kazi haijaisha. Bomba langu la shilingi 350 lingeanguka mtihani huo kwa sekunde moja. Sikulipa nafasi ya kuanguka mbele yangu nikiwa nimesimama. Nililipa nafasi ya kuanguka nikiwa nimembeba dadangu.

Nilimwonyesha mzee kazi ilipoisha. Alishika usukani, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia, akasema "mm", akarudi kwenye redio yake. Ule wa zamani uliopinda hakutaka niuuze kwa wa chuma chakavu. Uko chini ya kitanda chake, sijui wa kazi gani. Mkono wangu wa kushoto haufi ganzi tena.

Dadangu alichukua muda zaidi. Siku moja ya mvua nilimkuta mlangoni na begi. Sikumwambia iko fiti. Nilishuka, nikamwachia nduthi. Akasimama mbele, akabana gurudumu kwa magoti vile aliniona nikifanya kila asubuhi, akashika ncha zote mbili na kusukuma kwa uzito wake wote. Akasukuma tena.

Halafu akavaa helmeti, akapanda.